Dodoma Imepata Soko: Je, Kanda ya Kati Itauza Nini?

Kazi yangu ni kutunza hesabu za wafanyabiashara wadogo na wa kati hapa Dodoma: maduka ya jumla, wakamuaji wa alizeti, vyama vya ushirika vya wakulima, na mama mmoja mwenye bucha kubwa pale Majengo. Haina fahari nyingi, lakini humwezesha mtu kuona shilingi inakotoka na inakoelekea kabla haijageuzwa kuwa takwimu. Katika vitabu hivyo mwezi una sehemu mbili zisizofanana hata kidogo. Kuna siku zinazofuata mara baada ya mishahara ya serikali kuingia benki, ambapo mauzo hupanda kuanzia mchele hadi vocha za simu, na kuna siku zinazobaki, ambapo daftari la madeni ndilo linaloendesha biashara. Ukitazama upande wa manunuzi, unakuta fedha ileile iliyoingia ikiondoka kwa kasi: inakwenda Dar es Salaam kulipia sabuni, nondo na mafuta ya kula, inakwenda Iringa na Mbeya kulipia viazi na mchele, inakwenda Lushoto na Morogoro kulipia mboga na matunda. Kinachobaki mkoani ni faida nyembamba ya mchuuzi, kodi ya pango na ujira wa mpakiaji.

Naanza na jambo hili kwa sababu mjadala wa uchumi wa Kanda ya Kati, yaani mikoa ya Dodoma na Singida, ulizunguka kwa miaka mingi katika suala la soko. Ilisemwa kwamba mkulima wa huku yuko mbali na walaji wenye fedha, na kwamba siku walaji hao wakija, mambo yatajipa. Walaji wamekuja, tena kwa uamuzi wa serikali, wakiwa na mishahara ya uhakika, na bado gari la kabichi linatoka Lushoto. Kwa maoni yangu tulikuwa tunatibu pasipouma. Kilichokosekana, na ambacho bado kinakosekana, ni maji, mahali pa kuhifadhia mazao, na mtaji wa kumwezesha mzalishaji kusubiri bei.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa na TANU mwaka 1973, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wenyeji wote tuliijua kwa kifupi chake, CDA. Kwa zaidi ya miaka 40 mji ulipimwa, ukapangwa, ukangoja. Bunge lilikuja na chama kikajenga makao yake, lakini wizara zilibaki Dar es Salaam, na biashara ya mji ikaegemea vikao: wabunge wakiwapo nyumba za wageni zilijaa, wakiondoka mama lishe walipunguza kilo za mchele. Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itahamia kweli. Mei 2017 CDA ikavunjwa, na hati za viwanja zilizokuwa za miaka 33 zikafungua njia kwa hati za miaka 99. Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji, na Mei 2023 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua Ikulu ya Chamwino. Suala la hati huonekana dogo kwa mtu asiyekopa, lakini mfanyabiashara aliyekuwa amebakiwa na miaka kumi na kitu katika hati yake alijua benki ingemtazama kwa jicho gani.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo la mji, na ile ya 2022 ikahesabu 765,179, huku mkoa mzima ukivuka watu milioni 3. Ongezeko hilo linaonekana kwa macho: Nzuguni, Iyumbu, Ilazo na Nala ni mitaa iliyojengwa mahali ambapo mtu wa rika langu alikuwa akipita katikati ya mashamba. Ujenzi umeajiri mafundi wengi, umeuza kokoto na mchanga wa hapahapa, na umewapa wenye nyumba za kupangisha kipato ambacho hawakuwahi kukiota. Hata hivyo, ukuaji wa namna hii una mwisho wake. Nyumba ikishajengwa, fundi huhama, na mpangaji aliyeacha familia Dar es Salaam hutuma huko sehemu kubwa ya mshahara wake, kisha Ijumaa jioni hupanda treni kuifuata.

Wapo wenyeji waliouza mashamba yao mapema, wakati ekari moja ilikuwa na bei ya pikipiki, na wapo waliosubiri wakauza viwanja kimoja kimoja. Sioni sababu ya kuwalaumu wale wa kwanza, kama wengi wanavyofanya vijiweni. Mtu ambaye shamba lake limepimwa kuwa eneo la makazi hana namna ya kuendelea kulima mtama katikati ya barabara za mitaa, na fidia ikichelewa, dalali mwenye fedha mkononi huonekana mwokozi. Kinachopaswa kutazamwa ni kwamba baadhi ya mashamba hayo yalikuwa na mizabibu iliyokwisha kukomaa, na kwa hiyo mji ulikuwa unakula zao lake lenyewe la biashara.

Kanda hii iliwahi kupokea fedha nyingi za nje kabla ya makao makuu, na matokeo yake bado yako Kongwa kwa anayetaka kuyaona. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, na mwaka 1947 ikaanzisha mradi mkubwa wa karanga uliolenga kulima ekari zaidi ya milioni 3 katika Afrika Mashariki, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika, na Kongwa ikawa mahali pa kuanzia. Matrekta yaliletwa, mengine yakiwa mabaki ya vita, na vifaru vikageuzwa kuwa mashine za kung'oa vichaka. Udongo wa Kongwa wenye mfinyanzi uliganda kama saruji baada ya mvua kukatika, mvua yenyewe ikawa haitabiriki, na mwaka 1951 mradi ukaachwa baada ya kula takribani pauni milioni 36. Sehemu ya ardhi hiyo ikawa ranchi ya ng'ombe, jambo ambalo wenyeji wangeweza kulipendekeza tangu mwanzo kama wangeulizwa, kwa kuwa walikuwa wakichunga hapo.

Huwa naikumbuka Kongwa kila ninaposoma mpango mpya wenye idadi ya ekari bila milimita za mvua. Sehemu kubwa ya Dodoma hupata kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, na karibu zote huanguka kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Mei hadi Novemba ni jua na upepo. Tena mvua hiyo haigawanyiki kwa haki: inaweza kunyesha wiki mbili mfululizo, ikakatika Februari mahindi yanapotoa mbelewele, ikarudi Machi wakati hakuna cha kuokoa. Wazee wa Kigogo walihesabu historia yao kwa njaa, na ile iliyoitwa Mtunya, iliyokuja mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza baada ya majeshi kuchukua nafaka, mifugo na wapagazi, bado husimuliwa. Uchumi wa mkoa wenye kumbukumbu ya aina hiyo hauwezi kuwekewa zao moja na kuachwa.

Jiji lenyewe linategemea kwa kiasi kikubwa visima vya bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji. (Msomaji asichanganye Makutupora hii na ile iliyoko Manyoni, mkoani Singida, inakoishia sehemu ya reli mpya, nimewahi kuona hata watu wa ofisini wakizichanganya.) Kumbukumbu za kina cha maji katika bonde hilo zimetunzwa kwa zaidi ya miaka 50, na wataalamu waliozichambua walikuta jambo lisilozoeleka: maji ya ardhini hayajazwi kidogo kidogo kila mwaka, bali hujazwa katika misimu michache ya mvua kubwa mno, kama ile ya El Nino ya 1997/98, kisha hushuka taratibu kwa miaka mingi. Maana yake kwa uchumi ni kubwa. Jiji linatumia akiba iliyowekwa na mvua ambazo hazina ratiba, na uzalishaji wa maji umekuwa takribani nusu tu ya mahitaji. Ndiyo sababu kila bajeti hurudi kwenye bwawa la Farkwa, katika Mto Bubu wilayani Chemba, na kwenye wazo la kuleta maji ya Ziwa Victoria. Mimi ningeongeza hoja ya tatu ambayo haina jiwe la msingi la kuzinduliwa: mapaa. Mji wa Serikali pale Mtumba una eneo kubwa la mapaa, na katika miezi mitano ya mvua maji yake mengi huishia kwenye makorongo.

Zao ambalo Dodoma inajivunia kuliko yote ni zabibu, na nitakaa nalo kwa sababu ndani yake yamo matatizo yote matatu niliyoyataja. Mizabibu ililetwa na wamisionari Wakatoliki pale Bihawana katika miaka ya 1950. Katika nchi za baridi mzabibu hulala majira ya baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Hapa hakuna baridi ya kuulaza, hivyo mkulima mwenyewe ndiye anayeamua uamke lini kwa kuupogoa, na huvuna mara mbili, kwanza kati ya Februari na Machi, kisha kati ya Agosti na Septemba. Mavuno ya kiangazi ndiyo yenye sukari nyingi zaidi, kwa kuwa jua ni kali na hewa ni kavu, wakati yale ya mvua husumbuliwa na magonjwa ya ukungu na kuoza kwa vichala. Huu ni upendeleo wa asili ambao mashamba ya Ulaya hayana.

Upendeleo huo, hata hivyo, unadai fedha mapema. Mkulima hununua pingili, nguzo, waya, samadi na dawa, kisha husubiri takribani miaka miwili kabla ya kuvuna kitu cha maana. Asiye na maji ya kiangazi hupoteza mavuno yale bora, akabaki na yale ya Februari yenye ukungu. Mashamba ya umwagiliaji kwa njia ya matone, kama yale ya Chinangali wilayani Chamwino, yameonyesha tofauti hiyo waziwazi, lakini pampu, mabomba na umeme vinahitaji usimamizi wa kila siku, na wanachama wa ushirika hawana budi kukubaliana nani analipa nini pampu inapoharibika. Nimekaa katika mikutano ya aina hiyo nikiwa na daftari la hesabu mezani, na naweza kusema kwamba ugomvi juu ya bili ya umeme huvunja vyama kuliko ukame.

Baada ya kuvuna ndipo mkulima anapokutana na saa. Zabibu haingojei. Ikishakatwa ina siku chache tu kabla ya kuanza kuchacha, na mashamba yote ya Mpunguzi, Matumbulu, Hombolo na Mvumi huiva kwa pamoja. Viwanda vya kusindika ni vichache na matangi yake yana kikomo. Yakijaa, geti hufungwa, na mwenye zabibu barabarani hulazimika kuuza kwa dalali kwa bei atakayotajiwa. Chama kimoja ninachokifanyia hesabu kiliwahi kupeleka mzigo katika kiwanda ambacho sitakitaja, ukapokelewa, ukapimwa, na malipo yakaja msimu uliofuata ukiwa umeanza. Katika vitabu deni hilo lilionekana kama mali ya chama, lakini wanachama walikuwa wamekwisha kukopa kwa watu binafsi ili wanunue dawa, na riba ikala kilichobaki.

Njia iliyojitokeza yenyewe, bila semina, ni mchuzi wa zabibu. Wakulima wenye mtaji kidogo huponda zabibu zao, huzichachusha, na kuhifadhi mchuzi huo kwenye matangi hadi kampuni za mvinyo zitakapouhitaji. Zao la siku chache linageuka kuwa bidhaa ya miezi, na mkulima anapata kile alichokosa, yaani muda. Mchuzi nao una masharti yake: tangi safi, vipimo vya sukari na asidi, na mtu anayeelewa kwamba hewa ikiingia, mvinyo hugeuka siki. Kwa sababu hiyo ningependa kuona fedha za umma zikiwekwa kwanza kwenye matangi ya pamoja na maabara ndogo vijijini, kabla ya kuongeza ekari. Kituo cha Makutupora cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI) kipo, kina utaalamu wa zabibu, na kiko karibu na wakulima.

Upo pia upande wa sera. Sheria ya ushuru wa bidhaa hutoza kiwango cha chini mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za ndani, nao ni uamuzi mzuri ambao umewapa wasindikaji sababu ya kununua hapa badala ya kuagiza. Wakulima hulalamika kwamba vinywaji vya rangi na ladha vinavyojiita mvinyo bado vinawabana madukani, na nadhani wana hoja, kwa sababu unafuu wa kodi una maana pale tu kiwango cha zabibu kinapopimwa kweli. Kampuni ya umma ya mvinyo, DOWICO, ilipokufa, mkulima hakuwa na kinga yoyote. Leo ana kinga ya kisheria, ila inategemea mkaguzi.

Alizeti ina tabia tofauti. Hupandwa kati ya Desemba na Januari, huvumilia ukavu kuliko mahindi, na mbegu yake ikikaushwa vizuri hukaa ghalani miezi mingi. Kwa maneno mengine, ni zao linalofaa hasa kwa Kanda ya Kati, na mwaka 2021 serikali iliitaja mikoa ya Singida, Dodoma na Simiyu kuwa ya mkakati wa kuliongeza. Nchi huzalisha takribani nusu tu ya mafuta ya kula inayoyahitaji, kwa hiyo mnunuzi yupo. Tatizo ni kwamba bei ya alizeti ya Mkalama au Kondoa haiamuliwi Mkalama wala Kondoa. Huamuliwa na mawese ya Indonesia na Malaysia, pamoja na ushuru unaotozwa bandarini.

Mwaka 2018 ushuru wa kuingiza mafuta ghafi ulipandishwa hadi asilimia 25 na wa yaliyosafishwa hadi asilimia 35, na wakamuaji wa huku wakaanza kununua mashine. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza na Indonesia ikazuia kwa muda kuuza mawese nje, bei ya mafuta duniani ilipanda hadi viwango visivyowahi kuonekana, na gunia la alizeti likawa dhahabu. Wakulima waliona, wakapanua mashamba. Bei ya dunia ikashuka, msamaha wa ushuru uliokusudiwa kumpunguzia makali mlaji wa mjini ukawa umeingiza mafuta mengi, na mavuno makubwa yakakutana na maghala yaliyojaa. Simlaumu waziri anayetaka mafuta yashuke bei Dar es Salaam, maana na mimi nanunua mafuta. Ninacholaumu ni ushuru unaobadilika katikati ya msimu. Mkulima hupanda Desemba kwa kutazama bei ya mwaka uliopita, na bajeti husomwa Juni akiwa amekwisha kuvuna.

Wakamuaji nao wana hesabu yao ngumu. Mashine ndogo ya kukamua hufanya kazi kwa bidii kuanzia Juni, kisha mbegu zikiisha hulala hadi msimu mwingine, huku mkopo wa benki ukiendelea kudai kila mwezi. Katika vitabu vya wateja wangu, faida ya mwaka mara nyingi hutoka kwenye mashudu, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa, yanayouzwa kwa wafugaji na wafanyabiashara wa chakula cha mifugo, wala si kwenye mafuta yenyewe. Mkamuaji mwenye ghala na fedha za kununua mbegu za miezi sita angeweza kuendesha mashine mwaka mzima na kuajiri watu wa kudumu. Mfumo wa stakabadhi ghalani ungeweza kusaidia, kwa kuwa humruhusu mkulima kuweka mzigo na kukopea stakabadhi yake. Wakulima wengi wanauogopa kwa sababu umeletwa kwao kama amri, na kwa sababu malipo yakichelewa hawana mahali pa kushtaki karibu. Hofu hiyo haiondoki kwa hotuba, ila kwa malipo yanayofika kwa wakati misimu miwili au mitatu mfululizo.

Mtama na uwele ninaweza kuvipita kwa haraka, ingawa ndivyo vilivyolisha watu wa huku. Viwanda vya bia vinanunua mtama mweupe, na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani limewahi kuwaunganisha wakulima wa Dodoma na wanunuzi hao, jambo lililoonyesha kwamba zao lililodharauliwa linaweza kuwa na mkataba. Adui mkubwa ni kwelea kwelea, ambao kundi lao moja linaweza kumaliza shamba kabla ndege ya kunyunyizia dawa haijapata kibali cha kuruka. Na kuna adui wa pili, ambaye ni sahani yetu: mtumishi aliyehamia hapa anataka ugali wa sembe, na mahindi mengi yanayouzwa katika soko la Kibaigwa hutoka Kiteto, mkoa mwingine.

Mifugo ni habari ndefu zaidi. Mnada wa Msalato siku ya Jumamosi hujaa watu waliofuata nyama choma, lakini ng'ombe wengi wanaonunuliwa katika minada ya Kanda ya Kati hupakiwa wakiwa hai na kupelekwa Pugu, Dar es Salaam. Njiani hupungua uzito, wengine huumia, na mfugaji hulipwa kwa kukadiriwa kwa macho, si kwa kilo. Ngozi, damu, mifupa na kazi ya kuchinja vyote huondoka pamoja na mnyama. Machinjio ya kisasa yako Kizota hapahapa mjini, na treni inafika pwani kwa saa chache. Kusafirisha nyama iliyopozwa badala ya ng'ombe aliyechoka si ndoto tena. Kinachohitajika ni mizani katika kila mnada, mabehewa ya baridi, na malisho ya kiangazi. Taasisi ya utafiti wa mifugo ya Mpwapwa imefanya kazi na nyasi na ng'ombe wa ukanda huu kwa miongo mingi, na mashudu ya alizeti, ambayo ni chakula bora cha kunenepesha, yanazalishwa katika mikoa hii miwili. Mwenye bucha niliyemtaja mwanzoni hununua ng'ombe aliyenenepeshwa kwa bei ya juu bila kusita, ila hawapati kila wiki.

Kuhusu reli, sifa zake zimekwisha kusemwa na wengi. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma Julai 2024, kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa, na safari iliyokuwa ikila kutwa nzima ndani ya basi sasa haizidi saa nne. Barabara kuu ya kaskazini kupitia Kondoa hadi Babati ilikamilika kwa lami mwaka 2018, barabara ya mzunguko wa nje yenye kilomita 112.3 inapita pembezoni mwa jiji, na uwanja wa ndege wa Msalato uliwekewa jiwe la msingi mwaka 2022. Kwa ramani, Dodoma sasa iko katikati ya kila kitu. Lakini njia haichagui mwelekeo wa mzigo. Reli ileile itakayopeleka mchuzi wa zabibu pwani italeta kwa bei nafuu zaidi bidhaa za viwanda vya Pwani, na kiwanda kidogo cha hapa kitakachokuwa hakijajipanga kitafungwa na reli. Kiwanda cha mbolea kilichojengwa Nala na wawekezaji kutoka Burundi kinanipa matumaini kidogo, kwa kuwa kimechagua Dodoma kwa sababu ya njia hizo, na kinatengeneza kitu ambacho wakulima wa pande zote nne wanakihitaji.

Singida imepewa nafasi ndogo katika maandishi haya kuliko inavyostahili. Kuku wake wa kienyeji na vitunguu vyake vinajulikana nchi nzima, Manyoni na Itigi wana asali na sasa mashamba makubwa ya korosho, na mgodi wa dhahabu wa Mang'onyi wilayani Ikungi ulianza uzalishaji mwaka 2023. Dhahabu italeta ushuru na zabuni. Kuku, kwa hesabu zangu, ana uwezo wa kugusa kaya nyingi zaidi, iwapo chanjo ya mdondo itafika kijijini kwa wakati na pumba haitakuwa ghali kuliko mayai.

Serikali imejaribu kuwaingiza vijana katika kilimo kwa programu ya Jenga Kesho Iliyo Bora, iliyozinduliwa Machi 2023 na kuanza na mashamba makubwa ya Chinangali na Ndogowe. Naifuatilia kwa hamu, ingawa gharama ya kuandaa ekari moja ni kubwa na haiwezi kurudiwa kwa kila kijana wa Bahi au Chemba. Ipo njia ya bei rahisi zaidi ambayo haijatumika ipasavyo, nayo ni serikali kuwa mnunuzi. Ndani ya jiji hili kuna Chuo Kikuu cha Dodoma chenye maelfu ya wanafunzi, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Gereza la Isanga, kambi ya JKT Makutupora, shule za bweni na migahawa ya wizara. Zote hununua mafuta ya kula, unga, nyama, mayai na mboga kila wiki. Zikitangaza kila Septemba kiasi zitakachonunua mwaka unaofuata kutoka kwa wazalishaji wa kanda hii, kwa kipimo cha ubora kinachoeleweka, mkulima atapanda Desemba akijua anampandia nani, na benki itakuwa na karatasi ya kushika.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 imekwisha kufungua mlango, kwa kuzitaka taasisi zitenge asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Nimesaidia vikundi kadhaa kujisajili katika NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma, na usajili si kikwazo kikubwa kama inavyosemwa. Kijana mwenye simu nzuri na subira anaumaliza. Kikwazo ni malipo. Kikundi cha Kondoa kinachokamua alizeti na kupeleka mafuta bwenini mwezi wa Julai, kisha kikalipwa Desemba, kinakuwa kimeikopesha serikali kwa miezi mitano bila riba, tena kwa fedha ambazo nacho kimezikopa. Muda wa malipo ya zabuni za vikundi hivi ungefupishwa hadi siku 14, na fedha zake kuwekwa katika fungu lake lenyewe ili zisisubiri mgao wa matumizi mengine, wakamuaji wangu wangeweza kuingia sokoni mwezi wa Agosti kununua mbegu kabla madalali wa mjini hawajamaliza magunia.